Mji uliopimwa ndani ya njia ya maji: kisa cha Gundagai, 1838 hadi 1867

## Kisa kwa ufupi

Usiku wa 24 kuamkia 25 Juni 1852, mto Murrumbidgee, katika koloni la Uingereza la New South Wales, uliingia mjini Gundagai na kuubeba mji. Wakazi walikuwa wapatao 250. Waliokufa hawakupungua 78, na hesabu nyingine zinafika 89. Majengo 71 yalikwenda na maji. Yaliyobaki wima yalikuwa matatu. Tangu kumbukumbu za maandishi zianze Australia, hakuna mafuriko mengine yaliyoua watu wengi kiasi hicho.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu mji huu haukukosa onyo. Wenyeji wa bonde walisema. Mto wenyewe ulisema mwaka 1844. Wakazi walielewa, wakaomba wapewe viwanja mahali pa juu. Kilichokosekana ni mlango ambao maneno hayo yangeingilia ofisini na kutoka yakiwa kiwanja kingine. Hilo ndilo ninalotaka tulitazame kwa karibu, maana anayesoma habari za mafuriko haya haraka haraka huishia kulaumu maji.

Mji nimeutaja kwa jina, na pia watu waliomo katika historia ya umma. Bila Yarri na Jacky Jacky, wenyeji wa bonde waliookoa watu usiku ule, kisa hiki hakielezeki. Familia zilizozama, wenye hoteli na wenye maduka sikuwataja. Wana vizazi vilivyo hai, na hoja yangu haimhusu mwenye nyumba mmoja aliyeamua vibaya.

## Mahali penyewe

Murrumbidgee una urefu wa takriban kilomita 1,500. Chanzo chake kiko kwenye milima ya kusini-mashariki mwa Australia, ile inayopata theluji, na unashuka kuelekea magharibi hadi kuungana na mto Murray. Jina lake ni la lugha ya Wiradjuri, watu wa asili wa bonde hilo, na kwa kawaida hufasiriwa kuwa "maji makubwa". Karibu na Gundagai, upande wa juu, unapokea mto Tumut, ambao nao unatoka milimani. Mvua ikinyesha huko kwa siku nyingi, mito miwili humwaga maji yake pamoja kabla tu ya kufika bonde la mji.

Bonde lenyewe ni tambarare pana, lenye nyasi nzuri. Upande mmoja unapita mto. Upande wa pili, chini ya kilima kinachoitwa Parnassus, unapita mkono mdogo wa maji unaoitwa kijito cha Morley. Wakati wa kiangazi kijito hicho hakimsumbui mtu. Mto ukijaa, maji hupenya na kukijaza, na tambarare iliyo katikati inageuka kisiwa. Hapo ndipo mji ulipopimwa. Mtu aliyeko katikati ya mji akitaka kukimbilia kilimani, alilazimika kwanza kuvuka maji yale yale anayoyakimbia. Naomba msomaji aishike picha hiyo, kwa sababu vifo vingi vinaelezwa na picha hiyo kuliko kimo cha maji.

Wiradjuri wameishi kando ya mto huo kwa maelfu ya miaka. Walijua wapi pa kulala msimu gani, na walijua kwamba kuna maji ya kawaida na kuna maji ya mara moja katika maisha ya mtu. Kumbukumbu za wakati ule zinaeleza kwamba waliwaambia walowezi kuwa mto ule unaweza kupanda hadi kuifunika tambarare yote.

Walowezi walifika kwa mkondo wa malisho. Hamilton Hume na William Hovell walipita eneo hilo mwaka 1824 wakielekea pwani ya kusini. Charles Sturt alipoufuata mto mwaka 1829, alikuta wafugaji wachache wamekwisha kutangulia na mifugo yao. Kisheria hawakutakiwa kuwa pale. Mwaka huo huo wa 1829 serikali ya koloni ilikuwa imeweka mpaka wa makazi, ile iliyoitwa Kaunti Kumi na Tisa, na Gundagai ilikuwa nje yake. Lakini ng'ombe hawasomi tangazo la serikali. Kufikia 1836 serikali ilikubali yaishe, ikaanza kutoza leseni ya pauni 10 kwa mwaka kwa mfugaji aliyetaka kulisha nje ya mpaka. Wiradjuri hawakuulizwa, na hakuna mkataba uliowekwa nao. Kaskazini zaidi, katika eneo la Bathurst, walikuwa wamepigana na walowezi hadi gavana akatangaza utawala wa kijeshi mwaka 1824.

Hii si habari ya pembeni. Inatueleza ni uhusiano wa namna gani uliokuwepo kati ya aliyejua tabia ya mto na aliyeshika kalamu ya ramani.

## Mambo yalivyofuatana

Melbourne ilianza mwaka 1835. Ghafla kukawa na sababu ya kusafiri kwa nchi kavu kutoka Sydney hadi huko, na njia ilibidi iuvuke Murrumbidgee. Palikuwa na mahali ambapo gari la maksai lingeweza kupita mto ukiwa chini. Watu walipaita tu Mahali pa Kuvukia. Mwaka 1838 serikali ilitangaza rasmi kwamba hapo patakuwa na mji.

Angalia tarehe hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1830 New South Wales ilikuwa katika ukame mkali. Mto uliochorwa kwenye ramani ya mji ulikuwa mto wa mwaka wa njaa, mwembamba na mpole ndani ya kingo zake. Mpima ardhi aliyesimama pale aliona ardhi tambarare, maji ya kunywa karibu, kivuko, na njia kuu. Mitaa ikapigwa mistari iliyonyooka, viwanja vikapewa namba, vikauzwa.

Mji ulikua kama inavyokua miji ya vivuko. Hoteli, mhunzi, duka, nyumba za wafanyakazi, na mwaka 1843 posta. Kukawa na pantoni ya kuvusha watu na mizigo pale ambapo maji hayakuruhusu kupita kwa magurudumu. Mto ukijaa kidogo, misafara ya sufu na ya bidhaa ilisubiri upande huu na upande ule, na anayesubiri hula, hulala, hutengeneza gurudumu, hununua unga. Nadhani hapa pana jambo ambalo wachambuzi hulipita: kwa mji wa kivuko, mafuriko madogo yalikuwa sehemu ya biashara. Maji yaliyochelewesha msafiri yaliingiza fedha. Ni vigumu kumwogopa anayekulisha.

Mwaka 1844 mto ulipanda ukaingia mjini. Hapo watu walishtuka kweli. Wenye viwanja waliomba wabadilishiwe, waache vile vya tambarare wapewe vya mlimani. Ombi hilo halikukubaliwa. Waliokuwa na hati ya kiwanja bondeni walibaki nayo, na waliotaka kuhama walitakiwa kununua upya kwa fedha zao.

Basi wakabaki. Waliofuata walijenga palepale, kwa sababu duka hujengwa penye maduka. Mwaka 1851 dhahabu ilipatikana New South Wales na Victoria, na barabara iliyokuwa ya wafugaji ikawa ya maelfu ya watu waliokwenda kutafuta bahati. Gundagai ilikuwa katikati ya njia hiyo. Kwa mara ya kwanza mji ulikuwa na sababu ya kujiona utakuwa mkubwa.

Juni 1852 mvua ilinyesha mfululizo milimani na bondeni. Mto ulipanda. Wakazi wengi walifanya kile walichojifunza mwaka 1844: walipandisha vitu juu, na maji yalipoingia sebuleni wakapanda wenyewe darini, kusubiri yashuke. Giza lilipoingia, kijito cha Morley kilikuwa kimekwisha kuwa mto wa pili, na njia ya kilimani imekatika. Usiku maji yaliendelea kupanda. Nyumba za mbao zilianza kung'oka na watu waliomo darini. Wengine walitoboa paa wakatoka. Wengine waling'ang'ania matawi ya mikaratusi, katika baridi ya Juni, ambayo kule ni katikati ya majira ya baridi.

Walioweza kuwafikia walikuwa Wiradjuri. Yarri alitoka na mtumbwi wa gome. Jacky Jacky alitumia mashua ya makasia. Wengine wawili waliotajwa katika kumbukumbu za uokoaji ni Long Jimmy na Tommy Davis. Majina yote hayo ya Kizungu walibandikwa na walowezi. Usiku ule na siku zilizofuata waliwaondoa watu kwenye mapaa na miti. Yarri anahesabiwa kuwaokoa 49. Jumla ya waliookolewa na Wiradjuri haipungui 68, yaani zaidi ya robo ya mji mzima.

## Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Uamuzi wa kwanza, wa kuweka mji tambarare, haukuwa wa kipumbavu kwa macho ya aliyeufanya. Gari la maksai lililobeba sufu halipandi kilima kwa hiari. Maji ya nyumbani yalichotwa kwa ndoo. Ardhi ya mteremko ina gharama ya kukata na kusawazisha. Kila kigezo kilichokuwa mezani kiliielekeza kalamu bondeni. Kigezo kimoja tu kiliielekeza mlimani, nacho hakikuwa mezani: kumbukumbu ya maji yaliyopita kabla mpima ardhi hajafika nchi ile. Kumbukumbu hiyo ilikuwa hai, kilomita chache kutoka alipokunjua ramani, vinywani mwa watu ambao sheria ya ardhi ya koloni haikuwatambua hata kidogo.

Uamuzi uliogharimu zaidi, kwa maoni yangu, ni ule wa kukataa ombi la baada ya 1844. Ule wa 1838 mtu anaweza kuusamehe kwa kutojua. Huu ulifanywa watu wakijua. Sababu yake inaeleweka kiofisi: ardhi ya Taji, yaani ya serikali, iliuzwa kwa mnada, mnunuzi aliona anachonunua, na serikali ikimbadilishia mmoja itaulizwa na wote. Kuruhusu mabadilishano kungekuwa kukiri kwamba serikali iliuza ardhi isiyofaa kukaliwa. Karani aliyeandika jibu huenda alikuwa mtu mwema aliyefuata kanuni. Lakini matokeo ya kanuni hiyo ni kwamba gharama ya kosa la ramani ilihamishwa kutoka kwa aliyechora hadi kwa aliyenunua. Aliyenunua ni mhunzi, au mjane mwenye nyumba ya wageni, ambaye akiba yake yote iko kwenye kile kiwanja.

Hapo ndipo hati ikageuka kamba. Mtu asiye na hati angeweza kuhama siku ile ile. Mwenye hati alibaki kuilinda.

Uamuzi wa wakazi wa kubaki na kupanda darini nao una mantiki yake. Waliyapima maji yajayo kwa maji yaliyopita. Mwaka 1844 aliyekuwa juu ya sakafu ya kwanza aliokoka, basi dari ikawa mpango wa dharura. Mpango huo ulikuwa na kasoro mbaya sana: ulifanya kazi vizuri hadi mahali fulani, na ukivuka mahali hapo, ulikuwa umekwisha kumwondolea mtu nafasi ya kukimbia. Kila saa aliyoitumia darini akiamini maji yatashuka ilikuwa saa ambayo kijito cha Morley kilizidi kupanuka nyuma yake. Nimesoma mipango mingi ya dharura yenye umbo hilo hilo, na kila mara naikumbuka Gundagai.

Uamuzi wa mwisho ni wa Yarri na wenzake wa kuingia majini. Hakuna aliyewaamuru, na hawakuwa na deni kwa mji ule. Deni lilikuwa upande mwingine. Nimeona maandishi yanayojaribu kueleza kwa nini walifanya hivyo kwa kuwabandikia maneno ambayo hakuna aliyeyasikia. Sitafanya hivyo. Ninachoweza kusema ni kwamba walitoka tena na tena, na anayefanya hivyo mara nyingi kiasi hicho usiku na mchana, kwenye maji yenye magogo yanayokuja kwa kasi, amekwisha kuamua upya kila safari.

## Mtumbwi

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa chombo chenyewe kinaeleza mengi.

Mtumbwi wa Wiradjuri ulitengenezwa kwa gome moja zima la mkaratusi mwekundu wa mtoni. Umbo lake hukatwa kwenye shina la mti uliosimama, gome likabanduliwa polepole lisipasuke, kisha likapitishwa juu ya moto hadi lijikunje na kukauka likiwa na kingo. Ncha huzibwa kwa udongo wa mfinyanzi. Mti hauangushwi, hubaki na kovu refu kwenye shina, na makovu ya namna hiyo bado yanaonekana kwenye mikaratusi mikongwe ya bonde la Murrumbidgee.

Chombo hicho hukaa juu ya maji kama jani. Kina chake ndani ya maji ni cha vidole tu, kwa hiyo kinapita juu ya uzio, juu ya paa lililozama, katikati ya matawi. Mwendeshaji husimama na kuusukuma kwa upondo, na akisimama anaona mbele gogo linalokuja. Mashua nzito ya mbao inahitaji nafasi ya kupiga makasia, na mkondo ukiishika ubavu hugongwa na mti ikapinduka. Katika mji uliojaa mapaa, nyua na mikaratusi, wepesi ulikuwa na faida kuliko ukubwa.

Lakini wepesi huo una bei. Mtumbwi wa gome hubeba abiria mmoja, pengine wawili wakitulia. Rudi sasa kwenye ile hesabu ya watu 49 na uigeuze kuwa safari. Kwenda kwenye mti, kumshawishi mtu aliyekufa ganzi kwa baridi aachie tawi, kumlaza chini asitikisike, kurudi hadi nchi kavu, kugeuka tena. Mara 30, mara 40. Katikati ya safari hizo wako waliokuwa wakiangalia kutoka mti wa jirani wakijua zamu yao haijafika.

## Matokeo

Mji haukuhama wote mara moja. Wako waliorudi bondeni wakajenga. Mwaka 1853, kabla hata mbao mpya hazijakauka, mto ulirudi na kupanda juu zaidi ya ule wa 1852. Baada ya hapo mjadala ulikwisha. Gundagai mpya ilijengwa kwenye mteremko wa Parnassus, na sehemu nyingine upande wa pili wa mto, kwenye miinuko ya kusini. Tambarare ikarudi kuwa malisho. Leo ina nyasi na viwanja vya michezo, na anayepita hawezi kudhani kwamba palikuwa na mtaa mkuu.

Yarri na Jacky Jacky walipewa vibamba vya shaba vya kuvaa shingoni, na ruhusa ya kudai peni sita kutoka kwa kila mkazi wa Gundagai. Nakiri kwamba kila nikiisoma habari hiyo napata uchungu. Watu waliokuwa wenye bonde walilipwa kwa ruhusa ya kuomba. Hawakupewa hata eka moja. Yarri aliishi hadi 1880, na inajulikana kwamba angalau mara moja alitendewa vibaya mjini humo baada ya mafuriko. Sanamu ya shaba ya wawili hao pamoja na mtumbwi ilizinduliwa katika mtaa mkuu wa Gundagai Juni 2017, miaka 165 baadaye.

Kuhusu ukuaji nitapita haraka. Mji wa mlimani ulistawi kwa barabara, kwa mifugo na kwa dhahabu ya maeneo jirani kama Adelong. Mwaka 1858 meli ya mvuke iitwayo Albury ilipanda mto hadi Gundagai, na kwa muda watu waliota kuwa na bandari ya mtoni. Maji ya juu huko hayakuaminika kwa biashara ya kudumu. Reli kuu ya kwenda kusini ilipita mbali, kupitia Cootamundra na Wagga Wagga, na Gundagai ikapata tawi tu mwaka 1886. Leo ina wakazi wapatao 2,000. Haikuwa jiji, lakini haikufutika tena.

## Uchambuzi

Kilichofaa zaidi katika kisa kizima ni maarifa ya wenyeji yalipopewa nafasi ya kutenda bila kupitia kwa mtu. Mwaka 1838 maarifa hayo hayo yalihitaji mpima ardhi ayakubali, afisa ayaandike, gavana ayatie sahihi. Yakapotea njiani. Usiku wa 24 Juni hayakuhitaji idhini ya yeyote. Yalihitaji gome, upondo na mikono, na yaliokoa zaidi ya robo ya mji. Tofauti hiyo inapaswa kumkera kila afisa mipango anayeandika kwenye ripoti yake "wananchi walishirikishwa" huku ramani ikiwa imekwisha kuchorwa.

Kuhamisha mji kulifaa pia, na ni vizuri kueleza kwa nini kulifaa, maana miji mingi imejaribu kuhama ikashindwa. Kwanza, umbali ulikuwa mfupi. Kutoka tambarare hadi mteremkoni ni mwendo wa miguu, na kivuko, ambacho ndicho kiliwalisha watu, kilibaki palepale. Mtu alihamisha nyumba bila kuhamisha riziki. Ukimpeleka mwenye duka mahali pakavu pasipo na wateja, atarudi majini. Halafu tambarare haikuachwa wazi ikimsubiri mnunuzi mwingine. Ilipewa kazi nyingine, ya malisho, ambayo mafuriko yakija hayaui mtu.

Kasoro ya kuhama ni kwamba kulihitaji mafuriko mawili. Yale ya 1852 pekee, pamoja na makaburi yake yote, hayakutosha. Hili mwanzoni lilinishangaza, sasa halinishangazi. Baada ya janga kubwa watu hujiambia kwamba jambo kama hilo halirudi katika maisha ya mtu mmoja, na wenye hasara ndio wenye haraka zaidi ya kufungua duka tena ili waanze kulipa madeni. Mto kurudi ndani ya mwaka mmoja, tena ukiwa juu zaidi, ulikuwa ni bahati mbaya iliyofanya kazi ambayo serikali ingepaswa kuifanya miaka tisa kabla.

Lipo jambo ambalo wenzangu hulitetea na mimi silikubali. Husemwa kwamba wakazi wa Gundagai walipuuza onyo. Waliopuuza ni wachache kuliko tunavyodhani. Mtu anayeomba rasmi abadilishiwe kiwanja hajapuuza. Amesikia, ameamini, amechukua hatua aliyoweza. Ukimwita mpuuzaji unamfunika aliyemkatalia. Katika kisa chochote cha namna hii, swali la kwanza la mchambuzi liwe: nani alikuwa na uwezo wa kubadilisha mahali pa mji, na alijua nini siku alipokataa? Kwa Gundagai jibu linatupeleka kwenye ofisi ya ardhi ya Sydney, karibu kilomita 400 kutoka mtoni, ambako mafuriko ya 1844 yalifika yakiwa karatasi.

Uko ushahidi mmoja kwamba somo la maji hatimaye liliingia serikalini, na haumo kwenye ripoti. Umo kwenye daraja. Kati ya 1864 na 1867 ulijengwa mvuko wa kudumu, Daraja la Prince Alfred. Mto wenyewe, katika siku ya kawaida, ulihitaji sehemu fupi tu ya chuma. Lakini wahandisi hawakuishia ukingoni. Waliendeleza njia ya mbao juu ya nguzo, mamia ya mita, kuivuka tambarare yote yenye nyasi, hadi mwanzo wa mteremko. Msafiri aliyepita juu yake wakati wa kiangazi aliona ng'ombe wakila chini ya daraja, bila tone la maji.

Sehemu hiyo ya mbao, iliyokuwa imejengwa upya miaka ya 1890, ilibomolewa kuanzia mwaka 2021 kwa kuoza. Barabara kuu ya Sydney hadi Melbourne ilikuwa imekwisha kuhamia kwenye daraja jipya lililofunguliwa mwaka 1977. Hilo lina urefu wa mita 1,143, na sehemu kubwa yake inapita juu ya nchi kavu.